Nyumba ya mbao mu telefone

Leo ku matanga, hapa Mulekera, telefone yangu ilipiga makofi katikati ya maombi.

Ndiyo, nilikuwa nacheza chini ya kitenge! Ule muchezo wa kupanga mbao: ukipanga mubaya, nyumba yote inaanguka.

Donc, yangu ilisimama, na telefone ikanishangilia.

Batu bote bakageuka.

Mama Masika, mwenye juzi balimuulia bwana yake ku shamba ya kakao, akanyoosha mukono. Nikajua ananinyanganya telefone.

Mais yeye akasema: «Nifundishe.»

Akapanga. Ikaanguka.

«Sasa imeisha?»

«Hapana, Mama. Finya hapa, zote zinarudi.»

Akaniangalia. «Zote?»

Akapanga, akafinya, akapanga, mpaka telefone ikazimika mu mikono yake.

Niambieni, nani kati yenu angemunyanganya?