Medina na Mchoro wa Ugonjwa wa Karanga

Medina Tahiru alikuwa binti wa askari wa Koboko. Mwaka 1979, serikali aliyoitumikia baba yake ilipoangushwa, familia yao ilikimbilia Zaire, na huko ndiko alikoanzia shule. Waliporudi alisomea sayansi Makerere, na miaka ya tisini akapata kazi kwenye mradi mdogo wa karanga, katika nyumba chakavu juu ya Arua Hill.

Mwanzoni kazi ilimtia kinyaa. Karanga za wakulima wa Aroi, eneo la jirani, zilikuwa zinadumaa na kugeuka njano, na ugonjwa huo huenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Aliwakusanya kwa vidole. Wakapondeka, wakamwachia uji wa kunata ambao harufu yake ilimfuata mpaka kwenye chai. Akazoea.

Kisha akapewa kompyuta. Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imesoma herufi za RNA inayofuatana na kirusi cha karanga na kuuzidisha ugonjwa. RNA, molekuli inayobeba maagizo ya urithi, ni kama uzi: herufi zake huvutana, A na U, G na C, na uzi ukajikunja. Programu ilikadiria mkunjo uliotulia kuliko yote. Lakini haikutoa jibu moja. Ilitoa michoro mingi, yote ikikaribiana kwa utulivu, ilhali sura zake hazifanani hata kidogo.

Mkuu wa mradi, Dokta Anguyo, akaipekua, akachomoa mmoja uliochanua kama ua.

"Wafadhili wataupenda huu. Mingine chana."

"Dokta, huu si wa kwanza hata kwa makadirio. Na hatujaupima kwa jaribio lolote."

"Binti, nani atakuuliza?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Santina, mkulima, siku ya mkutano kule Aroi. Wafadhili walikaa mbele, vidole viking'aa mafuta ya mbuzi. Anguyo aliinua bango lenye mchoro ule wa ua. "Hii ndiyo sura ya ugonjwa wenu. Tumeiona."

"Mliona na macho?" akauliza Mama Santina. "Sasa dawa iko wapi?"

"Iko njiani, mama."

Hakuna dawa iliyokuwa inatengenezwa, na Anguyo alijua. Medina akasimama.

"Mama, hakuna mutu aliona. Mashine ilikisia tu, tena ilikisia mingi. Dawa hakuna. Panda mapema, panda karibu-karibu, wadudu itapungua."

Wafadhili hawakujua Kiswahili. Wakapiga makofi. Anguyo naye akapiga, akitabasamu, akamnyooshea mkono. Medina aliutazama mkono ule kama kitu kilichooza, akauacha hewani.

Wiki ile ile aliacha kazi, akapanda lori la Koboko, akaanza kufundisha biolojia. Aliposikia bango limetundikwa ofisini na jina lake limeandikwa chini, alirudi kudai lifutwe. Anguyo akacheka, akamfungulia soda. Medina hakuinywa. Alitoka, akatema mate kwenye ngazi.

Mama Santina alipanda mapema msimu uliofuata. Nusu ya shamba ilipona. Nusu nyingine ikawa njano, na kutoka ofisi ya mradi kule mlimani hakuna aliyeshuka kuitazama.