Koleo Lisilorudi Nyuma

Harufu ya utoto wangu ni unga. Unga wa mahindi ulituama juu ya kila kitu kwetu mtaa wa Hewa Bora: kwenye nyavu za madirisha, kwenye majani ya mpapai, kwenye nyusi za Kambo, hata katikati ya madaftari yangu ya shule, mpaka mwalimu akaniuliza kama najifunza au napika. Lakini kiangazi kimoja, wakati ule wa baridi kali ya asubuhi na vumbi jekundu, mahindi mapya yakiwa yamejaa mjini, ilikuja harufu nyingine ikaufunika unga. Ilikuwa harufu ya ganda la waya lililoungua. Mashine ya kusagia ilikuwa imenguruma tangu alfajiri. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi ukutani, ikanyamaza. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazamana, wakamhurumia Kambo kwa maneno mazuri, kisha wakajitwika ndoo zao wakaenda kusaga kwingine. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kusikia kiwanja chetu kikiwa kimya mchana.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu alikuwa mama wa mama yangu, mzaliwa wa Pweto, aliyeletwa Lubumbashi na babu yangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Babu alipokufa alimwachia nyumba mbili zilizopeana mgongo na mashine ile iliyotazama barabara. Kambo alikuwa mfupi, mpana, mkali wa ulimi, na mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kunyanyua magunia kiasi kwamba akikushika bega ili akubembeleze, ulitamani akuache. Mama alipofariki, baba alinikabidhi kwa Kambo, kisha yeye mwenyewe akahamia nyumba ya nyuma ili asikae mbali nami. Hapo ndipo maisha yalipopata kona, kwa sababu baba na Kambo walikuwa wakwe.

Kwa watu wa kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja wala hawasemeshani. Si chuki, ni heshima, na heshima ile ilikuwa nzito kuliko gunia lolote. Kambo alikohoa kabla ya kutoka mlangoni. Baba alipiga mluzi kabla ya kupinda kona ya nyumba. Wakiwa na neno, walinituma mimi. Kambo alisema, “Bijou, ambia baba yako,” naye baba amesimama nyuma ya ukuta anasikia kila kitu, nami nakwenda hatua chache kumrudishia yale yale kama kasuku. Desturi hiyo ina mlango wake wa kutokea. Siku moja mama mkwe hupika chakula kizuri, binti yake hukibeba kutoka jikoni kwa mama mpaka mbele ya mume, na kuanzia hapo midomo inafunguliwa. Walikuwa wanaipanga siku hiyo mama alipougua. Alipokufa, chungu kilikosa wa kukibeba, na watu wawili waliompoteza mtu yule yule wakabaki kila mmoja upande wake wa ukuta, hawana njia ya kupeana hata pole. Nilimsikia Kambo akilia upande wetu na baba akikohoa kikohozi cha uongo upande wake, na mimi sikutumwa neno lolote.

Baba alikuwa fundi umeme. Kila asubuhi gari la kazi lilimchukua kwenda mgodini, njia ya Kinsevere, akarudi jioni na viatu vya rangi ya udongo. Mtu angedhani basi waya wa mashine yetu ulikuwa kwenye mikono salama. Wapi! Waya ulipoanza kupata joto miezi michache kabla, Kambo alimwita fundi mwingine wa mtaani, kwa hoja ambayo yeye aliiona nyoofu kabisa: fundi lazima asimamiwe na agombezwe, na mkwe hagombezwi. Fundi yule alimenya waya kwa meno, akazisokota ncha kwa vidole, akazifunga kwa mfuko wa plastiki, akala bukari yetu, yaani ugali, akaenda zake. Rahisi ni ghali. Ule msokoto ndio ulioungua, nao ukaichoma njia nzima ya umeme mpaka ndani ya ukuta.

Kambo alikaa siku kadhaa kwenye kigoda mbele ya mashine baridi, akiifuta unga usiokuwapo. Kisha akaniita akasema, “Hii mashine ikikufa, minarudia kwetu Pweto. Huku minabakia kusema na nani?” Mtu pekee aliyeweza kuzungumza naye ndani ya kiwanja kile alikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa, na nilijua sitoshi. Nilikwisha kumpoteza mama. Nikaona sasa Kambo naye anapakiwa kwenye lori la samaki wakavu linalorudi Pweto. Siku hiyo nilipeleka habari nyuma ya nyumba bila kutumwa na mtu. Baba alinisikiliza, na Jumapili iliyofuata akateremsha kisanduku chake cha chuma kutoka juu ya kabati.

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyokiogopa na kukipenda kisanduku kile. Ndani mlikuwa na makoleo, ambayo baba, kama mafundi wote wa mji wetu, aliyaita pensi, kila moja limeviringishwa kwenye kitambaa chake. La kwanza lilikuwa la kumenyea waya. Aliuingiza waya kwenye meno yake, akabana mara moja tu, na ganda likateleza likaanguka lenyewe, zima, kama ganda la karanga iliyokaangwa vizuri. Shaba ikabaki wazi, inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja. Mimi ni mtoto wa Katanga. Nilikulia juu ya ardhi ya shaba na watu wanaotaja shaba asubuhi na jioni, lakini siku ile ndiyo niliyoiona kwa mara ya kwanza ikiwa safi, nyekundu, laini, na nikaelewa kwa nini watu wanaisumbukia.

La pili lilikuwa jitu. Mikono yake miwili ilikuwa mirefu kama ya mkasi wa kukatia ua, na kichwani lilikuwa na taya zenye umbo la pembe sita. Kazi yake ni kubana kosi, yaani kile kichwa cha shaba kinachovalishwa kwenye ncha ya waya mnene ili ufungwe kwa skrubu. Baba aliwahi kuikata kwa msumeno kosi moja iliyobanwa akanionyesha ndani. Nilitafuta zile nyuzi nyingi za waya nisizione. Zilikuwa zimeshikamana na kosi mpaka zimekuwa kipande kimoja, bila moto, bila gundi, kwa kubanwa tu. Niliizungusha kwenye kiganja mpaka ikapata joto langu. Lakini kilichonishangaza zaidi ni tabia ya koleo lenyewe. Lina meno ya ndani yanayolia ta, ta, kadiri unavyobana, na ukishaanza halirudi nyuma. Halifunguki mpaka ubane hadi mwisho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema baba, na aliyetengeneza koleo lile alilijua hilo.

Umeme ulizimwa kule kwenye nguzo, baba akaingia chumba cha mashine, na Kambo akakaa nje ya mlango, ameupa mgongo. Nyaya zilikuwa tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na urefu wa kutosha. Baba alizivuta mpaka chini, akaweka mkono mmoja wa koleo sakafuni, akaulalia ule mwingine kwa kifua, ta, ta, ta, likafunguka. Wa tatu ndio uliokuwa umeungua zaidi. Alikata sehemu mbovu, akakata tena, na alipofikia shaba nzima, waya ulikuwa umebaki kipande kifupi kilichochomoza ukutani usawa wa kifua chake. Ulifika kwenye swichi, basi. Ukikatwa tena haufiki, na kosi ya ukubwa ule ilikuwa imebaki moja.

Hapakuwa na sakafu ya kuegemea. Baba alibana hewani, mikono imetanuka, na koleo likalia ta, likalia ta, likakwama. Alijaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni. Hakuweza kuliachia, kwa kuwa uzito wa koleo ungeivunja shingo ya waya, na kulifungua kwa nguvu katikati ya kazi kungeiua kosi. Nilijitundika kwenye mkono mmoja kwa uzito wangu wote. Nilikuwa kama sisimizi anayesukuma kabati. Nikakimbia kwa jirani wa kulia, lango limefungwa, wako kanisani; nikakimbia kwa wa kushoto, vilevile. Niliporudi mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, naye akasema kwa sauti ya chini, “Bijou, ambia kambo yako, hii pensi haiwezi kufunguka kama haiyamaliza. Na mi nguvu inaisha.”

Niligeuka mlangoni kulipeleka neno hilo, lakini Kambo alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa anajifunika kikwembe chake cha kitenge kichwani mpaka kwenye pua. “Ambia baba yako minaingia,” alisema. “Asiniangalie.”

Baba aligeuza uso ukutani, shavu likagusa unga. Kambo akaingia kinyumenyume, akipapasa kwa mkono kama anayetafuta kibiriti gizani. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Akaufikia mkono mmoja wa koleo, vidole vyake vikapita juu ya vidole vya baba, na wote wawili wakashtuka, ila hakuna aliyeondoa mkono. Akapanga miguu yake vile alivyoipanga akinyanyua gunia. Kidole kimoja hakivunji chawa, nilikuwa nimeliimba hilo shuleni mara nyingi bila kujua ninaimba nini. Kisha Kambo akasema, na hakusema “ambia”:

“Kaza, mutoto wangu.”

Neno lile lilinipita mimi likaenda lenyewe. Walisukuma, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama mlango, na katikati yao taya za chuma zikafunga polepole. Ta. Koleo likafunguka lenyewe, kwa upole kabisa, na kosi ikabaki imeukumbatia waya. Mikono yao ilikaa palepale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na niliona mabega ya baba yakitikisika, na nikajua kwamba sasa si uchovu.

“Aksanti, mama,” alisema baba akiuambia ukuta. Niligeuka nimfikishie Kambo, kwa mazoea, nikamkuta amekwisha kuitikia kwa kichwa ndani ya kikwembe chake, naye anatoka.

Kesho yake mashine ilinguruma, na foleni ikarudi na ndoo zake bila aibu. Jioni Kambo alinipa sahani ya bukari na samaki mkavu wa Pweto nimpelekee baba, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Hakuna aliyesema kama hiyo ndiyo ile sherehe ya kufungua midomo. Kikohozi na mluzi viliendelea vilevile, ila neno la Pweto sikulisikia tena.

Leo mimi mwenyewe nafunga mitambo ya sola hapa mjini, na koleo langu ni la betri. Nalishika kwa mkono mmoja, nabonyeza, na kosi inabanwa kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nalipenda, sitaki kudanganya. Lingekuwapo siku ile, baba asingemhitaji mtu yeyote, na ndiyo maana nashukuru halikuwapo. Kambo amezeeka sana, baba anamfuata, nao bado wanaishi katika zile nyumba zilizopeana mgongo, bado hawaangaliani. Ila kila mmoja ana simu, na Kambo alikwisha kutoa hukumu kwamba simu haina macho. Juzi niliwapelekea mboga mchana nikawakuta wanapigiana, Kambo upande huu wa ukuta, baba upande ule, wanacheka. Nilikuwa karibu kubisha hodi niliposikia jina la mama yangu. Nikaiweka mboga chini, nikakaa ukutani, kwa sababu walikuwa wanasimuliana mambo yake ambayo mimi sikuwahi kutumwa kuyapeleka.