Ukungu wa Mbebe

Baba yangu alikuwa fundi wa mabango pale Tunduma. Saluni, bucha, duka la vitenge, kote ulikuwa mkono wake. Halafu akapata kazi ya kupaka kuta za shule moja huko Isansa, akakutana na mwalimu wa kujitolea, Mjapani, aliyechora milima kwa wino mweusi kwenye karatasi ndefu ya kutundika, yenye kijiti juu na chini. Mjapani akamfundisha kusaga kipande cha wino mkavu kwa maji, na kuiacha karatasi nyeupe mahali penye ukungu. Baba akarudi amepagawa.

Miezi minane hakugusa bango. Alikuwa anachora milima ya Mbebe, alikozaliwa, iwe zawadi yangu ya sendofu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa. Sisi tunakula ugali kwa chumvi, yeye anasaga wino. Nilimchukia, nisiseme uongo.

Siku ya sendofu, ukumbini Chapwa, wakwe zangu walikaa mbele. Kwetu zawadi haifichwi: inafunguliwa, inainuliwa juu, watu wanaipima kwa macho. Shangazi alitoa godoro, vigelegele vikapigwa. Baba akapanda na suti ya kuazima, akaikunjua karatasi yake. Vilele vitatu, mti mmoja, kwingine kote kweupe. Baba alikuwa ananitazama mimi tu, anangoja niseme neno.

Mawifi walishaanza kukonyezana. Niliona aibu, nikaona bora niwawahi. Nikachukua kipaza sauti.

"Baba, kwani wino ulikuishia?"

Watu walicheka mpaka mshereheshaji akakaa chini. Baba naye akacheka kidogo, akaiviringisha, akashuka.

Baada ya wiki mbili alikuja nayo kwangu. Weupe ameujaza kwa rangi ya mafuta, ile ya mabango: anga la bluu, majani ya kijani, nyumba ya bati, barabara.

"Nimeimalizia, mama," akaniambia. "Sasa inafaa?"

Mama mkwe alikuwepo sebuleni, akaisifu sana. Kilibaki kipande kimoja tu cheupe, chini ya mti, upana wa kiganja. Alikuwa amekiacha makusudi, nilijua. Ningeweza kumwomba msamaha palepale.

Nikakigusa kwa kidole, nikamwambia hapa aweke ng'ombe.

Akaenda kuchukua kopo la rangi kwenye baiskeli, akapiga magoti sakafuni, akamchora.