Isale la Alhamisi

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Siku ya harusi ninaye wa kunikumbusha, na hukosi kumsikia nikikosea. Hii Alhamisi nimeibeba peke yangu.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu ya kijana mmoja aliyenipita wiki iliyopita kwenye foleni ya zahanati. Aliniambia, "Samahani mzee," akiwa ameshakaa kwenye kiti kilichokuwa changu. Nilitaka kumgombeza. Kisha nikahesabu miaka, nikaihesabu tena, nikaona sina haki hiyo. Ujanja ule mimi niliuhitimu kabla baba yake hajazaliwa.

Ilikuwa ile miaka ya sabini ambayo kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kusimuliana njiani. Redio ilituambia tujitegemee, na mimi nilikuwa nimeanza kujitegemea, pengine kuliko redio ilivyokusudia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kabichi mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu jioni, nikazihesabu tena asubuhi, kana kwamba zingeweza kuzaana usiku. Mpishi wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule tambarare alikuwa ameahidi kupanda na lori baada ya wiki tatu kuzichukua zote. Sharti lake lilikuwa moja: ziwe zimefunga, ngumu kama jiwe. Tulibishana bei tangu saa tatu hadi saa sita mchana, na nilipomwacha alikuwa anajifuta jasho. Nilijiona mtu.

Shida ilikuwa maji. Kilikuwa kiangazi kile kinachotangulia masika, na jua lilichoma hadi migomba ikakunja majani. Sisi wa mlimani tulikunywa na kumwagilia kwa mfongo, yaani mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka kwenye kijito kule juu karibu na msitu. Kila nyumba ilikuwa na zamu moja kwa wiki. Yangu ilikuwa Jumanne mchana. Ya jirani yangu, Bibi Ndeshi, ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mfongo uligawanyika mpakani kwetu, na ukitaka maji yaende kwako unaziba upande wa mwenzako kwa kipande cha mgomba na mabonge ya majani. Kazi ya dakika mbili. Lakini kuziba siku isiyo yako lilikuwa jambo la mzee wa mfongo, na mzee wa mfongo alitoza mbuzi na madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, tena mbele ya watu, uone wanavyokunywa.

Bibi Ndeshi alikuwa mjane wa miaka kama sitini, watoto wake wakifanya kazi mijini. Alikuwa na kishamba cha maharage kilichokuwa kimeanza kutoa maua. Hakuwa amekilima kwa ajili ya chungu. Ilikuwa mbegu yake ya masika. Miaka ile mbegu huikuti dukani kama unavyoikuta leo. Unayo au huna. Maharage yale yakifa, Bibi Ndeshi angeingia masika mikono mitupu.

Sasa nyinyi mliokulia mjini Rau mkiona isale mnadhani ni ua la kupendezesha uzio. Kwetu isale ni mpaka, na zaidi ya mpaka ni msamaha. Ukimkosea mtu, unakata isale, unamkabidhi kwa mikono miwili na kutaja kosa lako. Naye hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemchomea nyumba. Akilipokea, neno limekwisha: haliendi kwa mzee wa mfongo, haliendi kwa balozi wa nyumba kumi, haliendi popote.

Wewe tazama, mwanangu, jambo hilo likiingia kichwani mwa mtu anayehesabu kila kitu mara mbili. Jumatano jioni zilikuja habari kwamba Bibi Ndeshi amefiwa na dada yake huko Bomang'ombe, na kwamba atakaa msibani hadi Jumatatu. Kwa desturi, mtu akiwa msibani jirani wa mpakani ndiye humfungulia maji. Jirani wa mpakani ni mimi. Nikapiga hesabu. Nikichukua maji yake ya Ijumaa, kabichi zinafunga. Akirudi, nampelekea isale. Mbuzi na madebe mawili upande huu, tawi moja la bure upande ule. Nikarudia hesabu, jibu likawa lile lile.

Kwa kuwa sikutaka kuonekana ninakata isale siku yenyewe, nilikwenda kulikata Alhamisi asubuhi, mapema. Nilikuwa nimeinama kwenye uzio, panga mkononi, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Bibi Ndeshi, amejitanda kanga mbili, kikapu kichwani, safari ya msibani.

"Shikamoo Bibi," nikasema. "Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, baba. Nimeshapoa." Akaliangalia lile tawi. "Aminieli! Na wewe una watu wa kuwaomba msamaha? Nilidhani wewe huwa unawauzia."

Nikacheka. Ilibidi niseme kitu, nikasema cha kwanza kilichonijia. "Ni la kaka yangu Eliufoo, Bibi. Tulikosana maneno kidogo."

"Eliufoo si yuko Bomang'ombe? Basi chukua koti twende wote, basi linapita sasa hivi."

"Nitakwenda Jumapili, Bibi. Leo nina kazi."

Alinitazama kwa upole ambao hadi leo sijaupatia bei. "Umefanya vizuri, mwanangu. Vijana wa siku hizi wanaona isale ni mambo ya kizee. Usichelewe kumpelekea." Alipokuwa anaondoka akageuka. "Kesho ni zamu yangu. Utanifungulia?"

"Usiwe na shaka, Bibi."

Ona hapo. Nilikuwa na nafasi ya kuacha. Maji yalikuwa bado juu kule, isale mkononi mwangu, na kosa lenyewe halijazaliwa. Nikaenda nyumbani nikalitia isale kwenye kopo la maji lisinyauke.

Ijumaa alfajiri niliziba upande wa Bibi Ndeshi na kufungulia kabichi. Sitaki udhani nilifanya kama mwizi, bila kufikiri. Nilifikiri sana. Nilijiuliza maji haya ni ya nani, si ya Mungu? Na serikali si imesema mali ni ya wote? Asubuhi ile nilikuwa mcha Mungu na mjamaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kunitokea. Nikajiambia maharage ni mavumilivu. Hadi saa sita kabichi zote mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimekunywa, nami nikaenda kula.

Jumatatu nilimwona akishuka njiani, nikampa muda wa kufika shambani. Ilipofika saa kumi nikalitoa isale kwenye kopo, nikalifuta maji, nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye tuta. Maua ya maharage yalikuwa yamedondoka chini yamekauka, naye alikuwa ameyakusanya machache kwenye kiganja, kama mtu anayetafuta la kufanya nayo.

Nikapiga goti, nikanyoosha isale kwa mikono miwili. "Bibi, nimekukosea. Maji yako ya Ijumaa niliyapeleka kwangu."

Akayamwaga yale maua. Akalipokea isale kwa mikono miwili. "Nimelipokea," akasema.

Nikashusha pumzi. Hesabu ilikuwa imetimia bila senti kuzidi. Nikaanza kuinuka.

"Kaa kidogo, baba. Nikupe habari za msiba."

Nikakaa.

"Kaka yako alikuja kuzika. Mtu mzuri sana Eliufoo. Nikamvuta pembeni nikamwambia, mdogo wako anakuletea isale, hata kama amekuudhi vipi usimfukuze, nakuomba mimi. Akaniuliza, 'Kwani Aminieli amenikosea nini?' Nikamwambia, huo ndio moyo, umeshasahau! Nikamsifu mbele ya ukoo mzima. Mimi niliyefiwa, Aminieli, nilisimama kukuombea wewe." Akaligeuza lile tawi. "Nami nikalala huko nikifikiri kwamba nina jirani."

Nikainamia udongo. Mimi, niliyemshinda mpishi wa mashamba ya miwa.

"Alhamisi ulipolikata hili," akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo, "kosa lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa bado, Bibi."

"Lilikuwa bado. Basi hukukata isale. Ulikata tiketi ya basi, halafu ukasafiri."

"Nipeleke kwa mzee wa mfongo, Bibi. Nitatoa mbuzi."

"Sikupeleki. Nimesema nimelipokea, na nimelipokea. Hayo maharage nayo ni maharage, nitaomba mbegu kwa watu. Lakini nikuulize. Kesho mtu mwingine akiniletea isale kwa machozi ya kweli, mimi si nitaangalia kwanza lilikatwa lini? Hicho ndicho ulichochukua. Hicho nitakiomba kwa nani?"

Akainuka, akaingia ndani kupika. Hakuniaga. Nilibaki kwenye tuta kwa muda, nikahesabu maua yaliyodondoka. Nilifika mahali nikaacha.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, zamu yangu. Niliziba upande wangu nikafungulia maharage ya Bibi Ndeshi, yakanywa mchana wote. Jumanne iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine tena. Safari ya pili alikuja akasimama mpakani na jembe lake, akazitazama kabichi zangu zilivyolala.

"Hizo zako?"

"Naziona, Bibi."

"Umeleta isale jingine?"

"Hapana, Bibi. Sijaleta kitu."

"Haya," akasema, akaanza kulisafisha tuta ambalo maji yalikuwa yanakwama. Tulifanya kazi hadi jioni. Sijui hiyo "haya" aliipima kwa kipimo gani, lakini niliondoka nayo kama mtu aliyepunguziwa kitu.

Mpishi alifika na lori, akazibonyeza kabichi kwa kidole, zikabonyea. Akatabasamu. Safari hiyo jasho lilinitoka mimi. Nilikwenda pia Bomang'ombe kumweleza kaka yangu ukweli. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akakaa chini. "Kwa hiyo zile sifa zote nilizopewa msibani hazikuwa zangu?" akasema. Nilimwibia hata yeye.

Maharage? Yaliyopona yalitoa mbegu ya nusu shamba. Nilijitolea kutafuta nyingine, nikazunguka hadi soko la Moshi, sikupata. Bibi Ndeshi alipanda nusu. Nusu nyingine ilibaki udongo mtupu masika yote, na njia yangu ya kwenda kwenye mfongo ilipita pembeni yake kila asubuhi. Mtu hafundishwi zaidi ya hapo.

Hakulitaja tena neno lile hadi alipokufa, mwanangu. Neno lake lilikuwa neno. Lakini miaka kama kumi baadaye nilikuwa nimekaa kwake tunakunywa chai, mke wa mwanawe akaingia analia, ameleta isale kwa jambo waliloambizana. Bibi Ndeshi akanyoosha mikono yote miwili kulipokea. Kabla hajalishika, macho yake yalishuka kwenye shina, pale lilipokatwa, kuangalia kama utomvu bado ni mbichi. Muda mfupi tu, mfupi kuliko kupepesa macho. Yule binti hakuona. Mimi niliona. Bibi Ndeshi naye alijua kwamba nimeona, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba aliyeumia ni mimi.

Mabadilishano mengi nimeyafanya maishani, na hasara nyingi nimezirudisha. Ile sikuirudisha.

Basi neno langu ni hili. Watu hutuachia mlango wazi kwa sababu wanaamini hatutaingia kuiba. Msamaha ni mlango wa namna hiyo. Anayeuweka kwenye hesabu kabla ya kutenda hajamdanganya mmoja tu. Amewafundisha watu wema kuangalia shina. Ukijikuta unaandaa samahani yako wakati kosa bado, acha kosa. Hutapata nafasi nyingine ya bei nafuu kama hiyo, na mimi bei nazijua. Na kama umeshakosa, nenda ukaombe, lakini usiinuke mapema kutoka kwenye lile goti. Kaa usikilize habari za msiba. Kisha fungulia maji, na usisubiri kuambiwa.

Nakuombea, mwanangu, zamu yako ikufikie maji yakiwa mengi. Ukiwa mbali kwa msiba, awepo mtu wa kukufungulia. Na siku utakapoachiwa maji ya mwingine, Mungu aishike mikono yako, aielekeze upande ulioahidi.