Mwenye Mlango wa Madungu

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo alinikabidhi ufunguo na kunionyesha chumba ambacho hakuna mtu aliyekuwa akiingia. Kituo chetu cha mafunzo kilikuwa Madungu, hapo Chake Chake, na mimi niliajiriwa kuwa mtunza stoo. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kompyuta za msaada zilizopangwa ukutani, kila moja imefunikwa shuka nyeupe mpaka chini. Madirisha yalifungwa, kiyoyozi kikiunguruma peke yake.

"Hizi ni amana," Mkuu akasema. "Asiziguse mtu."

"Na mimi?"

"Na wewe pia. Wewe kazi yako ni kuzifunika."

Nilizifunika kwa muda mrefu. Kila asubuhi nilifungua mlango, nikatazama yale mashuka, nikafunga. Kisha yule Mkuu akahamishwa, akaja Mkuu wa pili, mama mmoja mwenye sauti kubwa. Alisimama kizingitini bila kuingia, akajikunyata.

"Hiki chumba au mochwari? Toa mashuka hayo. Nataka nikipita hapa nisikie kelele za watu."

Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayotaka kukuelezeni nyinyi vijana. Kikundi cha watumiaji ni jambo dogo ukilitaja: watu wa mahali pamoja wanakutana kila baada ya siku kadhaa kufundishana chombo wanachokitumia, iwe kompyuta, simu au programu. Hakina mwalimu wala mtihani. Ugumu wake ni kuwafanya watu waje, na ugumu mkubwa zaidi ni kuwafanya warudi. Mimi nilikuwa nimejifunza kompyuta peke yangu kwa vitabu vya maelekezo na kamusi, kwa hiyo nilidhani wenzangu nao wanachohitaji ni maelekezo tu. Nikabandika tangazo sokoni, nikapanga viti, nikasimama mbele baada ya sala ya alasiri nikingoja.

Watu walikuja. Walifika mlangoni, wakasimama, wakachungulia, wakatazama viatu vyao, wakaondoka. Kutoka pale mbele nilikuwa naona vivuli vyao tu, vinakuja na kurudi.

Aliyenifumbua macho ni Zuwena, mwalimu wa skuli ya maandalizi, mwanamke wa makamo aliyekuja kuchapa kazi za watoto wake.

"Bwana Stoo," akaniambia, maana ndilo jina walilonipa, "weye wakaa mbele kama imamu. Mlangoni yuko nani?"

"Hakuna."

"Basi yakhe, utasali peke yako."

Mkutano uliofuata alikuja na kigoda, akakaa mlangoni. Kila aliyefika alimwambia maneno yale yale: "Ingia, mwanangu. Viatu vyako ntaviangalia miye." Hata mzee aliyemzidi umri alimwita mwanangu, na mzee akacheka akaingia. Kisha Zuwena akainama, akavigeuza vile viatu vikatazama nje, jozi baada ya jozi, ili mwenyewe akitoka atie mguu na kwenda zake. Nilimuuliza kwa nini anahangaika.

"Mtu anayetafuta viatu vyake mbele za watu huona haya," akasema. "Akiona haya harudi."

Tangu siku hiyo kila kikundi nilichokiunda kilikuwa na mwenye mlango, na nafasi hiyo niliijaza kabla ya nyingine yoyote. Taratibu nyingine zilifuata. Anayejua alikaa mikono nyuma. Ilikuwa marufuku kumpokonya mgeni kipanya, yaani kile kidude cha kusogezea mshale kwenye kioo, hata kama anakisogeza kombo. Mgeni hatukumuuliza anajua nini. Tulimuuliza anataka kufanya nini, tukaanzia hapo. Mmoja alitaka kumwandikia mwanawe aliyeko Maskati, mwingine alitaka kujua bei za karafuu. Chumba kikajaa, na Bi Mkuu akapata kelele zake.

Kisha akaja Kombo. Alikuwa mwalimu wa historia aliyepofuka ukubwani, na skuli yake ilimwambia kwamba akiweza kusoma kazi za wanafunzi atabaki, asipoweza atapumzishwa. Zuwena alimshika mkono akamketisha. Nikamwekea kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti chochote kilichoandikwa kwenye kioo. Tabu ni kwamba sauti iliyokuwamo ilikuwa ya Mzungu, na Kiswahili ilikisoma kama mtu anayetafuna kokoto. Chake Chake iliiita Keki Keki. Watu walicheka mpaka machozi, na Kombo mwenyewe akacheka, halafu akatugeukia.

"Nyiye mwacheka," akasema, "miye ndo n'taishi naye huyu."

Tukaamua kutengeneza sauti yetu. Namna yake ni hii: mtu mmoja husoma sentensi nyingi zilizochaguliwa kwa makini, programu ikazikata vipande vidogo vidogo vya sauti, kisha ikaviunga upya kutamka neno lolote, hata lile ambalo msomaji hakulitamka maishani mwake. Msomaji alikuwa Zuwena. Tulimfungia stoo, tukazungusha magodoro na kanga ukutani kuzuia mwangwi, tukawa tunasimama kila jogoo alipowika. Kijana mmoja alishauri tutie na majina yetu kwenye zile sentensi.

"Langu litoeni," akasema Zuwena. "Mtu hajiiti mwenyewe. Waache wanite watu."

Kwa hiyo hakulitamka. Baadaye, sauti ilipokuwa tayari, tuliona kwamba ikifika kwenye jina lake husita, kisha hulitamka kwa vipande, Zu, we, na, kama mtu anayeuliza jina la mgeni. Tulilicheka hilo pia.

Kombo alibaki skulini kwake, na sauti hiyo tukamtilia hata kwenye simu yake na ya mkewe. Mimi nikapelekwa Mkoani kuanzisha kikundi cha wachukuzi na wafanyabiashara wa bandarini, kisha kisiwani Fundo, ambako tulikutana katika darasa la skuli na kuchaji simu kwa umeme wa jua. Kote nilikwenda na sauti ya Zuwena kwenye flashi. Kwa kuwa hakuweza kuwa kote, tuliweka kompyuta ndogo mlangoni, mgeni akibonyeza kitufe chochote inamwambia: "Ingia, mwanangu. Viatu vyako ntaviangalia miye." Sentensi hiyo hatukuiunga kwa vipande. Aliisema mwenyewe, nzima, na mwishoni unamsikia anavuta pumzi.

Niliporudishwa Madungu, Zuwena alikuwa anaumwa, na mlangoni pake ilikaa kompyuta kama zile. Aliumwa muda mfupi. Asubuhi moja tangazo likawekwa kwenye kundi letu la simu, na kabla sijamaliza kulisoma, Kombo akanipigia.

"Bwana Stoo, nani kafanya mzaha huu? Simu yanambia Zuwena kafa. Na anayenambia ni Zuwena."

Nyuma yake nilikuwa naisikia simu ya mkewe ikisoma tangazo lile lile, kwa utulivu, kwa sauti ile ile: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kisha ikasita. Zu, we, na. Maziko saa kumi.

Tulimzika. Mkutano wa kwanza baada ya arobaini niliizima ile kompyuta ya mlangoni. Nilihisi si adabu. Kigoda chake nilikiacha pale pale kwa sababu hakuna aliyetaka kukiondoa. Waliokuja walikuwa wachache, wakaingia kimya, wakavua viatu ovyo kama watu wanavyovua. Tulipotoka, viatu vyote vilikuwa vimegeuzwa, vinatazama nje.

Kila mmoja alitia mguu akaenda zake, na wengine hawakurudi tena. Mkutano uliofuata mambo yakawa vile vile, na uliofuata. Mtaani wakaanza kusema kwamba kituo kinasemesha maiti. Huko Mkoani mchukuzi mmoja, aliyesikia habari za msiba, alibonyeza kitufe cha mlangoni bila kufikiri, akakaribishwa, akakimbia bila viatu.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Jirani aliniambia kwamba Bi Time, mama yake Zuwena, anakaa nyumba za nyuma, na siku za mikutano huja kuketi kwenye baraza la nje chini ya dirisha letu. Nikaona jambo limekwisha: mama amechukua kazi ya mwanawe. Nililishika hilo na kulala nalo vizuri.

Kisha akaja Hamad, kaka yake Zuwena, mtu mpole, siku hiyo amekasirika. Alimkuta Mkuu wa Kituo, wa tatu huyu, mtu wa maneno machache.

"Dada yangu yuko kaburini," akasema Hamad, "na nyiye mwamfanyisha kazi. Sauti yake yasoma bei za samaki! Ifuteni."

"Kaka Hamad," akasema Kombo, aliyekuwa kiti cha pembeni, "mkiifuta, keshokutwa miye si mwalimu tena."

"Lahaula! Kwa hiyo dada yangu asipumzike ili weye upate mshahara?"

Kombo akainamisha kichwa. Mkuu akatutazama sote.

"Sauti si ya kituo," akasema. "Haki ni ya mama yake. Akisema futa, Bwana Stoo, unafuta hapa, Mkoani na Fundo, na mimi nitakusimamia."

Bi Time aliletwa alasiri ya mkutano. Alikataa kiti, akaketi kwenye kigoda cha mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nilitaka kuanza kwa wema, nikamwambia:

"Bibi, tunakushukuru kwa kutugeuzia viatu."

Akanitazama.

"Miye? Na mgongo huu, niiname? Miye naja kusikiliza tu. Nikifika nakuta vishageuzwa." Akatazama chini, kwenye safu ya viatu iliyokuwa mbele ya miguu yake, vyote vinatazama nje. "Nilidhani ni weye."

Chumba kikawa kama siku ile ya kwanza, na mashuka. Hamad alitaka kusema kitu, mama yake akainua kidole.

"Iambieni initaje."

Kombo akaandika. Spika zikasema, wazi kabisa: "Bi Time."

"Huyu si mwanangu," akasema yule mama, bila hasira. "Mwanangu hajapata kunita kwa jina tangu kuzaliwa kwake. Sasa iambieni iseme mama."

Nilijua kitakachotokea, na sikuwahi kumzuia Kombo. Neno hilo halikuungwa kwa vipande. Katika zile sentensi za stoo ilikuwamo moja iliyoanza na mama, na programu ikikuta neno zima hulichukua zima.

"Mama," ikasema sauti.

Bi Time aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. Hamad alikuwa amegeukia ukuta.

"Huyo ni yeye," akasema Bi Time mwishoni.

"Tuifute, mama?" akauliza Hamad, na safari hii aliuliza kweli.

"Huyu mtoto wa watu atasomewa na nani?" Alimwelekezea Kombo kidevu. "Mwanangu kaifanya kwa hiari yake, na yasoma kazi za watoto. Iacheni. Lakini jina lake isilitaje. Alikataa kujiita akiwa hai, msimfanye ajiite akiwa mfu. Na hapa mlangoni akae mtu. Mtu mwenye pumzi."

Niliifanya kazi hiyo jioni ile ile. Katika programu mna kamusi ya matamshi, yaani mahali unapoiambia jinsi ya kusoma neno fulani. Niliandika jina lake, na upande wa pili nikaweka nafasi tupu. Tangu hapo, kila inapokutana nalo hunyamaza kidogo, kisha huendelea. Nikaifanya Mkoani, nikavuka kwenda Fundo nikaifanya huko pia, na kompyuta za milangoni nikazikusanya. Wenye mlango tuliowaweka ni watu walio hai, na maneno kila mmoja anasema yake. Polepole watu wakarudi, hata yule mchukuzi, aliyekuja kwanza kuulizia viatu vyake.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kompyuta gani wanunue na programu gani waanze nayo. Ninawajibu, kwa kuwa nayo ni elimu, lakini kila mara nawauliza mlangoni atakaa nani. Vyombo vyote nilivyofundisha vimeshapitwa na wakati. Baadhi yenu hamjapata hata kuviona. Mtu aliyekaribishwa vizuri bado anakuja, na analeta mwenziwe.

Kabla ya kuwapa andiko hili nilikwenda kituoni Kombo alikague. Alisikiliza mpaka mwisho, hedifoni masikioni, uso kaukunja.

"Zuri," akasema. "Ila kuna mtu umemtaja sana humu. Kila mara napata kimya."

"Ndiye," nikasema.

Akavua hedifoni, akatabasamu kidogo, tukakaa. Mwenye mlango wa sasa, dada mmoja wa Wete, siku hiyo hakuja, alikuwa harusini. Hakukuwa na mkutano, hakukuwa na mtu mwingine. Nilipotoka, viatu vyangu vilikuwa vinatazama nje. Nilitia miguu, nikaenda zangu.