Makopo ya Aiskrimu na Nyumba Mkabala na Shule

Mtu wa kwanza kuja kuiona nyumba yangu ya kupangisha alikimbia akaacha kiatu.

Wa pili alijifungia ndani ya gari la dalali, akagoma kushuka mpaka arudishwe kwake.

Wa tatu, mama mmoja mpole sana, alilala kifudifudi kwenye nyasi akaniambia taratibu, "Binti, niitie mume wangu."

Na wote watatu walikuwa wamevaa makopo ya aiskrimu vichwani.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hapo mlipo mnadhani nimechanganyikiwa.

Naitwa Tamsin. Nimekulia mashambani, nje ya mji wa Ballarat. Shule ilikuwa mbali kiasi kwamba chakula cha mchana nilikimaliza ndani ya basi asubuhi, halafu kutwa nzima nalitazama begi kwa huzuni.

Kwa hiyo nilipomaliza chuo na kupata kazi, ndoto yangu ilikuwa moja tu. Nipate kanyumba karibu na shule, nimpangishie mzazi ambaye watoto wake wanateseka kama nilivyoteseka mimi. Waamke, wavuke barabara, wawe darasani.

"Wewe mwenyewe unalala kwenye kochi la rafiki yako," wenzangu wakanicheka. "Unataka kumpangishia nani?"

Baba yangu, fundi bomba anayeitwa Trevor, hakunicheka. Tukaunganisha nguvu, tukaenda mnadani. Mnada ulifanyika pale pale barabarani, majirani wakiwa wamesimama na vikombe vyao vya chai kama wanaangalia mpira.

Tukaipata. Nyumba ya mbao, vyumba vitatu, geti linatazamana na geti la shule ya msingi. Watu wengi hawakuitaka kwa sababu kengele ikilia, vijiko vinatetemeka kabatini.

Tuliyemshinda mnadani ni baba mdogo Wayne, mdogo wake Baba. Yeye alitaka kuibomoa ajenge fleti. Hakukasirika hata kidogo.

"Nasubiri," alisema, akapiga picha paa.

Jioni hiyo Baba akanikalisha chini. "Mwanangu, moyo wako naujua. Lakini mkopo wa benki haulipwi kwa moyo. Shule ikifunga Septemba na hatujapata mpangaji, tunamuuzia Wayne."

Nikakubali. Nyumba mkabala na shule ikose mtu? Haiwezekani.

Sasa, kwetu kila mtu anajua Septemba ni mwezi wa magpai.

Ni ndege mweusi mwenye mabaka meupe. Mwaka mzima anaimba vizuri, unampenda. Akipata makinda tu, anakushukia kisogoni kama una deni lake. Na sheria inamlinda, huruhusiwi kumgusa.

Kwa hiyo tangu utoto tunafundishwa dawa yake: vaa kopo kubwa jeupe la aiskrimu kichwani, lililochorwa macho kwa nyuma, ndege adhani unamwangalia.

Kwenye mkaratusi wa nyumba yangu kulikuwa na kiota.

Mimi ni mtu wa tahadhari. Siku ya kwanza kabisa, kabla ndege hajanifanya lolote, nilivaa kopo langu, nikapanda ngazi kusafisha mifereji ya paa. Kopo likanishukia machoni. Fagio likagonga tawi. Kiota kikayumba, makinda yakapiga kelele, nami, nikipapasa bila kuona, nikaumwagia mti mzima maji ya mpira wa bustani.

Niliomba radhi kwa sauti. Sidhani kama alinielewa.

Tangu siku hiyo, nikitokea tu getini na kopo langu, ananishukia. Kopo linalia ngo, ngo, ngo.

Watoto wa shule, wanaopita chini ya mti ule ule vichwa wazi kila siku, walikuwa wananing'inia kwenye uzio wao kunitazama.

"Dada, leo umekimbia vizuri."

"Jana alikimbia vizuri zaidi. Leo nampa sita kwa kumi."

Nikajiambia wao hawaguswi kwa sababu wanatembea kwa makundi.

Dalali wetu, Glenys, mwanamke wa kazi hasa, akaniuliza, "Tamsin, wateja watapitaje hapa?"

Nikamwambia asijali. Nikavuka barabara kumwona mwalimu wa sanaa, na darasa zima likanichorea makopo kumi na tano. Macho makubwa, mengine yenye kope, mengine yamepinda. Nikayapanga getini pamoja na kibao: Karibuni, vaeni kwa usalama wenu.

Mengine mmeshayasikia. Kiatu, gari, nyasi.

Kila Jumamosi hali ilizidi kuwa mbaya. Ndege akaanza kuwasubiri juu ya sanduku la barua.

"Hii nyumba haina shida," Glenys alilalamika akichomoa unyoya kwenye nywele. "Shida ni mapokezi."

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo. Baba mdogo Wayne akaja na futi yake ya kupimia kiwanja, anapiga mluzi.

"Nipe kofia, mwanangu. Nataka nipime uani."

Nilimpa kopo la mwisho. Mengine yote yalishatobolewa. Nami nikavaa langu. Niliuona ule uwanja wa shule, watoto wanacheza kriketi, nikawaza fleti.

Ndege akatushukia wote wawili. Wayne akakimbia kulia, mimi kushoto, futi ikatuzunguka miguuni.

Katikati ya hayo, geti likafunguliwa. Akaingia mwanamke na watoto watatu, vichwa wazi.

"Samahani, tumechelewa," alisema. "Naitwa Mele. Mabasi mawili kutoka kwetu mpaka shule hii, na Jumamosi ndiyo yanachelewa kabisa. Nyumba ndiyo hii?"

"Dada, lala chini," nilimpigia kelele. "Makopo yameisha."

"Makopo ya nini?"

Akapita chini ya mkaratusi. Watoto wakapita. Yule mdogo akasimama, akamtazama ndege. Ndege akamtazama yeye. Kisha ndege akaanza kuimba.

Nilisimama pale kama mlingoti.

Taratibu nikavua kopo langu.

Ndege akainamisha kichwa, akanikagua, halafu akarudi zake mtini kama hatujawahi kukutana.

Hakuwa na ugomvi na watu. Alikuwa na ugomvi na jitu moja jeupe lenye macho kisogoni, lililowamwagia maji watoto wake. Na mimi, kwa upendo wangu wote, nilikuwa nawavalisha wageni sura ya jitu hilo, mmoja mmoja.

Mele alishafika jikoni. "Kengele inasikika humu ndani?" aliuliza.

"Inatikisa vijiko," nilimjibu kwa unyonge.

"Naichukua."

Nje, Wayne alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la taka. "Tamsin," aliita, "hili limepasuka. Niletee kopo jingine, haraka."

Nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu mwema.

Nikampelekea langu.

Huko kwenye uwanja wa kriketi mchezo ulisimama. Watoto walimpa tisa.

Mele amehamia, mwaka wa pili huu. Kiota kipo, ndege ananipita kama shemeji. Baba huja kunywa chai na kusikiliza vijiko.

Kuna jambo moja tu. Enzi za mabasi mawili, watoto wale walikuwa wa kwanza kufika darasani. Leo wamebakiza kuvuka barabara tu, na wanachelewa kila siku. Mkuu wa shule ameshaniuliza kama nina nyumba ya mbali kidogo.

Somo nililolipata nawaachia bure. Ukiona kila mlango unaoingia unashambuliwa, kabla hujasema watu wa mahali hapo ni wabaya, jipapase kichwani kwanza uone umevaa nini.