Kimwezi cha Upande wa Kulia

Mdachi aliyetusimamia tukijenga boma la Arusha alikuwa na darubini nzuri na macho mabovu. Mwenye vyote viwili ni mtu wa kuonewa huruma, ila huruma yangu ilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mke wangu alikuwa kwetu Akheri, mimba yake ya kwanza imetimia, na mimi nilikuwa mwezi wa tatu nachoma chokaa. Niliogopa. Niliogopa atajifungua, au atakufa akijifungua, nami niko huku nimejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope.

Jioni moja, jua lilipokwisha kuzama, Mdachi alituita watu sita wa Meru. Kwa kinywa cha mkalimani wake, mtu wa pwani, alitueleza kwamba ile nyota kubwa iliyo juu yetu imevaa pete, na kwamba kuna kimwezi kidogo kinachoizunguka bila kuchoka, kama ndama asiyembanduka mama yake. Pete aliiona mwenyewe. Kimwezi, homa iliyomharibia macho ilikuwa imemnyima. Tena Mdachi mwenzake wa Moshi alikuwa amemcheka kwa barua kwamba darubini yake ni kichezeo, kwa hiyo alitaka mashahidi. Tukikiona na kukubaliana kiko upande gani, tutakwenda kwetu siku nne. Tukipingana, sote turudi kwenye chokaa.

Aliyetangulia ni mzee wetu, kwa kuwa rika lake lilikuwa juu ya letu. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu tangu nimjue, na ndilo aliloliweka kwenye darubini. Akakaa, akaguna, akasema kiko kulia.

Kwetu mtu wa rika la chini hampingi wa rika la juu mbele ya wageni, hata akisema mvua inanyesha kwenda juu. Wa pili akasema kulia. Wa tatu hakumaliza hata kuinama: kulia. Mdachi alikuwa akiandika kwa furaha. Nadhani hakuwa amepata kuona washenzi wanaokubaliana namna ile.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikainama, na nikakiona. Pete ilikuwa imelala kiubavu, na kando yake nukta ya mwanga, ndogo kuliko punje ya ulezi, imetulia kabisa. Ilikuwa kushoto. Nilifurahi mno hata nikasahau maumivu ya mgongo. Katika watu wote wa boma lile, aliyekiona ni mimi peke yangu.

"Kiko wapi?" mkalimani akauliza.

Mzee alikohoa.

"Kulia," nikasema.

Nilifika Akheri kesho yake. Mtoto alikuwa na siku mbili, wa kike, na mama yake anakunywa mtori wa ndizi. Nikamsimulia yote, nikalalamika kwamba sasa huko Ulaya wataandika uongo wangu vitabuni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniwekea mtoto mikononi.

"Ungesema kushoto," akasema, "ungemkuta anatambaa."